Udongo Aliouosha Mama Mswaki

Mwenye duka la vifaa vya nyumbani alikaa na swali lake miaka mitatu, akilimeza kila mwezi, mpaka siku moja likamtoka. "Samahani mama, usinielewe vibaya. Kwenu mko wangapi wenye meno?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Huyu hapa mwanamke mmoja, mwembamba, wa makamo, kila mwezi ananunua dazeni ya miswaki, wala haichukui hivi hivi. Kila mmoja anausugua kwenye ukucha wa dole gumba; ule mgumu anaurudisha, na ule laini kupita kiasi anaurudisha pia. Akamjibu bila kutabasamu, "Meno ya kwetu ni ya kuhesabu. Hii ni ya kuoshea vyombo vya marehemu." Mwenye duka hakuuliza tena. Lakini aliwasimulia wateja wake, nao wakasimulia wengine, na jina la Mama Mswaki likatembea mtaa mzima mpaka likamfikia mumewe, fundi saa, mtu mpole asiyependa utani wa barabarani. Mwezi haukuisha naye akawa analitumia.

Vyombo vya marehemu havikuwa utani. Mji ule ulikuwa na bandari ya kale, iliyokufa kabla babu wa babu zao hajazaliwa, na juu yake ikajengwa bandari mpya yenye maghala, mizani na maegesho ya malori. Wataalamu wa mambo ya kale walichimba kila waliporuhusiwa, kona hii leo, ua ule mwakani, na walichokipata kwa wingi kuliko chochote ni vigae, yaani vipande vya vyungu, bakuli na mitungi iliyovunjwa na watu waliokuwa na haraka zao karne nyingi zilizopita. Vigae hutoka ardhini vimejaa matope. Lazima mtu avioshe kimoja kimoja kwa maji baridi na mswaki, visichubuke wala visibaki na punje ya udongo, ndipo wenye elimu yao wavisome. Mtu huyo alikuwa yeye.

Kazi hiyo hakuitafuta. Aliajiriwa kufagia stoo ya makumbusho, na wiki moja muoshaji akaugua, wakamwambia, "Dada, tushikie hapa kidogo." Kidogo hicho kikawa miaka ishirini na miwili. Vidole vyake vikajifunza mambo ambayo hakuna aliyemfundisha. Ungemfumba macho angekwambia hiki ni mdomo wa chungu, hiki tumbo, hiki kitako. Hiki kimefinyangwa hapa hapa na mtu mwenye dole gumba dogo, maana alama yake hii hapa. Hiki kimekuja kwa meli, hebu pitisha kidole uone kinavyoteleza. Akichoka aliwageuzia kibao wale marehemu. "Miaka yote hii nawaoshea vyombo, hakuna hata mmoja aliyesema asante," alilalamika. "Hawa lazima ni wakwe zangu."

Lakini aliwapenda, na hilo nalisema waziwazi kwa sababu watu wengi waliomwona ameinama juu ya beseni lake walidhani ni mama anayesubiri saa ya kutoka. Kila kigae alichokiosha kilikuwa cha mtu aliyewahi kukasirika kwa kukivunja. Aliona vibaya sana kwamba watu hao, waliopika na kugombana na kupakua mizigo pale, walikuwa wakifunikwa zege kipande kwa kipande kana kwamba hawakuwahi kuwapo.

Ikabaki kona moja tu. Ilikuwa nyuma ya ghala la zamani la forodha, na bandari mpya ilikuwa inaitaka kwa ajili ya kupanga makontena. Kamati ya upanuzi ikatoa wiki sita za kuchimba, na masharti yakasomwa mbele ya wote. Kama itathibitika kwamba pale chini pana makazi ya kale kuliko yote yaliyokwisha kupatikana mjini, kona itahifadhiwa na kuzungushiwa ukuta. Isipothibitika, mashine zitaingia siku inayofuata.

Mkuu wa uchimbaji alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, aliyeitwa Daktari ingawa hajawahi kumtibu mtu hata mafua. Alichimba shimo moja tu, kubwa, na kulishusha taratibu. Ardhi ya namna ile imelala kama mashuka yaliyotandikwa moja juu ya jingine, na kila shuka wao huliita tabaka, wakilipa namba kuanzia juu. Tabaka la nne lilikuwa udongo mwekundu, kifusi cha juzi juzi chenye vipande vya sahani za kiwandani. Chini yake yakafuata mengine, kisha ukuta wa mawe, na chini ya ukuta, siku ya mwisho kabisa, likatokea tabaka la kumi na moja. Lilikuwa udongo wa kijivu unaonuka, umejaa maganda ya chaza, na katikati yake mafiga matatu yenye masizi.

Hapo ndipo palipokuwa na neno. Kama kando ya mafiga yale kungepatikana vigae vya zamani kweli kweli, kona imepona.

Lakini bahari nayo haikungoja wiki sita zipite vizuri. Maji yalianza kupenya kutoka upande wa gati, na kufikia saa tatu asubuhi mchimbaji wao mkongwe, waliyemwita Fuko kwa sababu alipenda mashimo kuliko nyumba yake, alikuwa amezama hadi mapajani, akipapasa chini kwa mikono na kuokota chochote kigumu kilichogusa vidole. Alivitia katika mfuko vikiwa madonge ya matope matupu, akaandika namba ya tabaka kwenye karatasi kwa penseli, akaufunga mfuko na kuupandisha. Daktari hakuwapo. Alikuwa amekwenda kuiangukia kamati aongezewe siku mbili, na kabla ya kuondoka alimwambia Mama Mswaki, "Mama yangu, leo yote iishe. Kesho tunafukuzwa hapa. Ikibidi, osha mifuko miwili miwili."

Miwili miwili! Kwa miaka ishirini na miwili Mama Mswaki alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu ulikuwa dini. Mfuko mmoja, beseni moja, trei moja. Akifungua mfuko huitoa karatasi yenye namba ya tabaka na kuibana kwa pini kwenye kifua cha aproni yake ili isilowe. Akimaliza kuosha, huvipanga vigae kwenye trei, huichomoa karatasi kifuani na kuiweka juu yake. Vikikauka ndipo huandikwa namba kwa wino, kimoja kimoja. Kutoka majini hadi kwenye wino, kitu pekee kinachojua kigae kimetoka tabaka gani ni ile karatasi. Kigae kilichopotewa na tabaka lake hakimsaidii mtaalamu chochote.

Siku hiyo alikuwa amebakiwa na mifuko miwili, ule wa tabaka la nne uliosubiri zamu tangu wiki iliyopita, na huu wa kumi na moja uliotoka shimoni unachuruzika. Akaweka mabeseni mawili mezani, kando ya shimo. La kushoto la nne, la kulia la kumi na moja. Karatasi ya nne akaibana kifuani upande wa kushoto, ya kumi na moja upande wa kulia. Akajisifu kimoyomoyo kwa werevu huo.

Alianza na la kulia. Matope ya kijivu yakayeyuka, ganda la chaza likamkwaruza kidole, na ghafla chini ya mswaki kukatokea rangi. Buluu iliyochanganyika na kijani, nene, inang'aa.  Katika miaka yake yote alikuwa ameona vipande vinne tu vya namna ile, vya kale kuliko vigae vyote vya stoo, vyote vimeokotwa ovyo ovyo, na Daktari alikuwa amevifungia kabatini kama hirizi. Hapa vilikuwa vingi, vipande vya mtungi mmoja mzima. Hakusema neno, maana muoshaji huosha na msomaji husoma. Lakini moyoni alikuwa anacheka: Daktari akiviona atapiga kelele mpaka forodhani wasikie.

Akahamia beseni la kushoto. Alikuwa katikati ya ule udongo mwekundu Fuko alipokuja na toroli la magogo ya kuzuia kuta za shimo, anapiga mayowe, "Njia, mama, njia! Shimo linabomoka!" Meza ilikuwa imeziba upenyo. Mama Mswaki akazunguka upande wa pili, toroli likapita, naye akaendelea kuosha pale pale alipohamia, akiwa ameelekea alikotoka. Akavipanga vigae kwenye trei mbili, kila trei mbele ya beseni lake. Akachomoa karatasi ya kulia, akaiweka kwenye trei ya kulia kwake. Akachomoa ya kushoto, akaiweka ya kushoto.

Mabeseni hayakuzunguka. Aliyezunguka ni yeye, na karatasi kifuani mwake.

Siku mbili hazikuongezwa. Shimo lilijazwa kifusi kesho yake asubuhi, na kufikia mchana likamwagiwa zege ili malori yapite wakati kamati inasubiri ripoti. Daktari alibeba trei zote hadi stoo ya makumbusho, ambayo dirisha lake lilitazama kona ile, na kuviandika vigae namba kwa mkono wake mwenyewe, usiku na mchana, wakati Mama Mswaki akipumzishwa siku tatu kwa sababu ya mgongo. Aliporudi, alikaa kwenye meza yake karibu na mlango wa ofisi akisubiri ile kelele. Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita. Jumatatu Daktari akatoka ofisini, akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele yake na kushika tama.

"Tumekwama, mama," alisema. "Tabaka la kumi na moja limechafuka. Chini ya ukuta, kando ya mafiga, kuna sahani za kiwandani. Maana yake hata huo ukuta ni wa juzi. Na ile buluu-kijani, mama, mtungi karibu mzima! Nimeupata kwenye kifusi cha tabaka la nne. Mtu ameusomba kutoka popote pale. Hausaidii kitu."

 Mikono ya Mama Mswaki ilikuwa ndani ya maji, akaiacha humo humo. Aliiona meza, aliliona toroli, akajiona anavyozunguka. Wengine wangejiuma ulimi hapo, na mimi nisingewalaumu sana. Yeye alisema papo hapo.

"Ni mimi. Nimebadilisha karatasi mimi, mwanangu. Buluu-kijani ilikuwa na matope ya kijivu. Nimeiosha kwa mikono hii. Ilikuwa na maganda ya chaza, yalinikwaruza, angalia." Akatoa kidole chenye maji na kuonyesha mkwaruzo uliokwisha kupona.

 Daktari alimwamini, usoni ilionekana. Akasimama, akavileta vigae vyote arobaini na kimoja vya ule mtungi, akavipanga chini ya lenzi kubwa yenye taa. Kama kungekuwa na chembe ya udongo wa kijivu, hata kwenye ufa, wangeipeleka maabara nayo ingesema. Walikagua kila ukingo, kila tundu. Mchana ukaisha.

"Hakuna, mama."

"Tazama tena kwenye kile cha kitako."

"Nimetazama. Hakuna hata punje." Sauti ya Daktari ilikuwa ya upole, na upole ule ulimuumiza kuliko matusi. "Hakuna mtu duniani anayeosha kama wewe."

Wakamwita Fuko. Fuko, maskini, alitaka sana kusaidia. "Mama, ningekula kiapo sasa hivi kama ningeviona," alisema akikuna kichwa. "Lakini maji yalikuwa uji mtupu. Nilikuwa napapasa kama mtu aliyeangusha sabuni kwenye povu. Niliokota vitu vigumu. Vigumu tu." Picha za shimo zilikuwapo, lakini zilionyesha mafiga matatu na maji yanayopanda.

Jioni hiyo, nyumbani, fundi saa aliweka chini koleo lake dogo akamsikiliza mkewe mwanzo hadi mwisho. Yeye maisha yake yote alikuwa na dawa moja ya matatizo. "Saa ikinisumbua naifungua tena," alisema. "Hilo shimo, hawawezi kulifungua?"

"Wamemwaga zege."

"Lote?"

"Lote, baba."

 Fundi saa akamsogezea kiti.

Kamati ilikubali kumsikiliza kwa dakika kumi. Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji na feni iliyokuwa ikigonga kitu kila ikizunguka. Mwenyekiti alikuwa mtu wa adabu, na mhandisi wa upanuzi naye, kwa bahati mbaya, alikuwa mtu wa adabu. Mama Mswaki alikuwa amejiandaa kwa watu wakali. Angepambana nao. Hawa walimvutia kiti na kumwita mama.

Alijikaza kisabuni, akaeleza yote: mabeseni, pini, toroli, kuzunguka. Alisimama akaonyesha kwa mwili wake, mkono wa kulia ukawa wa kushoto. Mtu mmoja akatabasamu, si kwa ubaya.

"Mama," alisema mhandisi, "nisamehe, ni lazima niulize. Ulikumbuka jambo hili lini? Kabla ya kuambiwa kwamba majibu ni mabaya, au baada?"

"Baada. Lakini sikujua kabla kwa sababu..."

"Naelewa." Na alielewa kweli, hapo ndipo palipouma. "Na vigae vyenyewe vimeandikwa namba gani kwa wino?"

"Vya buluu, nne."

Mwenyekiti akajisogeza mbele. Alikuwa anamtafutia mlango, kila mtu aliona. "Tuseme umesema kweli, mama. Mimi sioni sababu ya wewe kudanganya. Unasema umetambua kwa udongo, mmoja mwekundu, mmoja wa kijivu. Basi tuonyeshe. Udongo huo wa kijivu uliokuwa kwenye huo mtungi uko wapi?"

Feni ikagonga. Mama Mswaki aliangalia mikono yake juu ya meza, mikono iliyokunjamana kwa maji, kucha fupi, safi.

"Nimeuosha," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliandika kitu kifupi, akamshukuru kwa kufika, akamshukuru tena. Mlangoni mhandisi alimshikia mlango.

Uamuzi ulitoka kwa barua yenye aya mbili: ushahidi haukutosha, kona haitahifadhiwa. Ripoti ya mwisho ilitakiwa ifike kabla ya Ijumaa, na Daktari alikuwa na jambo moja aliloweza kufanya. Vigae vile visingekaa kwenye tabaka la nne, maana yeye alijua si kweli. Wala asingeweza kuviweka la kumi na moja bila ushahidi. Alifungua daftari kubwa la stoo, akachora mstari juu ya namba za zamani na kulisukuma mbele ya Mama Mswaki pamoja na kalamu.

"Marekebisho huandikwa na aliyeosha," alisema. "Ningeweza ningekuandikia."

"Niandike nini?"

"Kwenye safu ya mahali kilipotoka. Andika 'hapajulikani'."

Mama Mswaki alikishika kipande cha kwanza, kile cha kitako. Kilikuwa kimetoka chini ya ukuta wa mawe, kando ya mafiga, mita tatu chini ya lori jekundu lililokuwa limeegeshwa nje ya dirisha lao na dereva wake akinywa chai kwenye ngazi. Alipajua kama anavyojua kilipo kitanda chake.

"Na nikiandika ninapopajua?"

"Nitafuta, mama." Daktari hakuweza kumtazama. "Nitalazimika kufuta."

"Utafuta kweli?"

"Nitafuta, nitalia, lakini nitafuta."

Nje mtu alipiga honi, na dereva wa lori akamwaga masalia ya chai yake juu ya zege. Mama Mswaki akafuta vidole kwenye aproni, akavuta daftari karibu, na kwa mwandiko wake wa pole, herufi baada ya herufi, akaandika neno hilo. Kisha akachukua kipande cha pili. Alipofika cha ishirini Daktari alimwomba apumzike, akakataa. Akaliandika mara arobaini na moja, na hakukosea hata mara moja.